Mjue Koyoti Anayekula Kondoo Wako: Mwongozo Kamili wa Kumtambua, Kumwinda na Kumtega

Mfugaji anayepoteza wana-kondoo wanne kwa wiki moja hutaka kuua koyoti, koyoti yeyote yule. Anatega mitego kumi, ananasa watatu ndani ya siku chache, anashusha pumzi. Wiki inayofuata anamkuta mwana-kondoo wa tano amelala malishoni, koo limetobolewa. Mitego ilifanya kazi yake vizuri tu, ila iliwanasa wasiohusika.

Mwongozo huu ni kwa Waswahili wenzangu tunaofuga mbuzi na kondoo Marekani na Kanada, na kwa walioajiriwa kuchunga kwenye ranchi za watu. Aliyekulia Afrika Mashariki amfikirie koyoti kama bweha aliyeongezewa mwili na akili. Magharibi mwa Marekani huwa na kilo 9 hadi 16 hivi. Kaskazini mashariki ni mkubwa zaidi, maana ana damu ya mbwa mwitu na ya mbwa wa nyumbani, na madume wengine huvuka kilo 20. Yupo katika kila jimbo la Marekani isipokuwa Hawaii, na kusini amefika hadi Panama.

Wenye eneo, wasaidizi na wazururaji

Koyoti wanaopita shambani kwako hawako sawa. Kuna jozi ya wenye eneo, dume na jike, wanaozaa na kulinda mipaka yao. Kuna wasaidizi, mara nyingi watoto wao wa mwaka uliopita ambao hawajahama. Halafu kuna wazururaji: hawana eneo, hawana mwenza, wanapita kwenye mipaka ya wengine wakila wanachookota.

Wengi hudhani muuaji ni mzururaji mwenye njaa. Utafiti uliofanywa miaka ya 1990 katika kituo cha Hopland, kaunti ya Mendocino, California, ulionyesha vingine kabisa. Koyoti walifungwa redio shingoni, wakafuatiliwa, na mauaji yakalinganishwa na mahali walipokuwa. Waliokuwa wakiua kondoo walikuwa hasa jozi zinazozaa ambazo eneo lao lilishika malisho ya kondoo. Wasaidizi na wazururaji walihusika kwa nadra. Jozi hizo zilipolengwa zenyewe, mauaji katika eneo hilo yalipungua au yalikoma, mpaka jozi nyingine ilipohamia.

Sababu kubwa ni watoto. Koyoti hupandana kati ya Januari na Machi, jike hubeba mimba takriban siku 63, na watoto, kwa kawaida kama sita, huzaliwa Aprili au Mei. Panya na sungura hawatoshi tena kulisha midomo hiyo yote, na hapo ndipo wana-kondoo wako wanaporukaruka malishoni. Wyoming, watoto walipoondolewa mapangoni na wazazi wakaachwa, mauaji ya kondoo yalishuka sana. Utah walijaribu kuwafunga uzazi koyoti wenye eneo, nao wakaua wana-kondoo wachache kuliko wale waliokuwa na watoto.

Sasa kuna ugumu wake. Huyo mwenye eneo unayemtaka ndiye mgumu kuliko wote kumnasa. Palepale Hopland waliweka kamera porini, na wenye eneo wakaonekana kidogo sana kwenye picha. Waliopigwa picha walikuwa mpakani mwa eneo lao au nje yake. Walikuwa wakifuatilia nyendo za watu waliokuja kufunga kamera, wakajua zilipo. Kusini mwa Texas mitego ilisema hivyo hivyo: koyoti hunaswa zaidi pembezoni mwa eneo lao au nje, si katikati. Katikati ya eneo lake anajua kila jiwe na kila kichaka, kitu kigeni anakigundua mara moja. Ugenini kila kitu ni kigeni, kwa hiyo hashtuki.

Ndiyo maana mtu anaweza kujaza gari koyoti wachanga na wapita njia huku kondoo wakiendelea kufa. Serikali ya Marekani yenyewe, kupitia idara yake ya kudhibiti wanyamapori, huua makumi ya maelfu ya koyoti kila mwaka, na koyoti bado wapo.

Hatua ya 1: Hakikisha ni koyoti, na kwamba ndiye aliyeua

Usitege chochote kabla ya kuchuna mzoga. Nasisitiza kuchuna, maana juu ya manyoya huoni kitu. Chuna shingo na koo, kuanzia nyuma ya taya. Ukikuta damu imevilia chini ya ngozi kuzunguka matundu ya meno, mnyama aliumwa akiwa hai. Matundu yakiwepo bila damu kuvilia, alikufa kwa sababu nyingine na koyoti akaja kula tu. Wana-kondoo hufa sana kwa baridi, njaa na uzazi mgumu, na koyoti hubebeshwa vifo hivyo vyote.

Koyoti mzoefu hung'ata koo, chini ya sikio na nyuma ya taya, akashikilia mpaka mnyama aishiwe pumzi. Matundu ya meno makubwa huachana kama sentimita 3. Mwana-kondoo mdogo sana huumwa kichwani. Kisha koyoti hufungua ubavu nyuma ya mbavu, akala ini, moyo na tumbo lililojaa maziwa.

Mbwa wa mtaani kwa kawaida huua ovyo: masikio yamechanika, mapaja yamenyofolewa, wanyama wengi wamejeruhiwa na hakuna aliyeliwa sana. Majirani hawapendi kuambiwa hivyo, kwa hiyo piga picha.

Angalia na nyayo. Unyayo wa koyoti ni wa yai, mwembamba, urefu kama sentimita 6 au zaidi kidogo, kucha mbili za mbele zimeelekea mbele na kukaribiana. Wa mbwa ni wa duara na vidole vimetanuka. Koyoti akitembea hupita mstari mnyoofu kama mtu anayejua aendako. Mbwa huyumba huku na huku.

Hatua ya 2: Jua ni koyoti gani

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo watu wanayoiruka. Jipe siku kadhaa za kutembea asubuhi na mapema kabla hujagusa mtego. Chukua daftari, chora ramani ya shamba, na kila alama utakayoiona iandike mahali pake pamoja na tarehe.

Jozi ya wenye eneo huacha ishara zilezile mahali palepale. Kinyesi kipya juu ya cha zamani, kwenye njia panda au kando ya lango. Mkojo kwenye kichaka kilekile, na pembeni yake ardhi imeparuliwa kwa kucha. Nyayo za wawili, mmoja mkubwa kidogo, zikienda sambamba. Kwenye theluji ya Januari na Februari utaona kitu kinachomaliza ubishi: mkojo wenye matone ya damu, wa jike anayeingia joto, na mkojo wa dume umemwagwa juu yake. Ukikuta hivyo, jozi ipo na inakusudia kuzaa karibu nawe.

Mzururaji huacha nyayo za mmoja, siku moja, halafu kimya. Kwa kawaida haparui ardhi wala hajibu mlio.

Koyoti waliozaliwa mwaka huohuo huanza kuhama makwao kuanzia Septemba hadi majira ya baridi. Huua vibaya: matundu mengi, mapajani na ubavuni, na mara nyingi kondoo hutoroka na majeraha. Ukikuta majeraha ya namna hiyo Oktoba, huenda mwenye kosa ni mwanafunzi, naye hunaswa kirahisi.

Mgonjwa ni sura nyingine kabisa. Mwenye upele uliomtoa manyoya huonekana mchana, karibu na nyumba, akila chakula cha mbwa au kuku. Hana nguvu ya kukimbiza kulungu wala sungura. Huyu usimpangie mbinu za mwezi mzima.

Halafu kuna hulka ya mmoja mmoja. Katika kituo cha serikali cha Millville, Utah, koyoti wanaofugwa wamepimwa mara nyingi kwa kuwekewa kitu kigeni karibu na chakula: wengine wanakwenda moja kwa moja, wengine wanazunguka usiku kucha na kuondoka na njaa. Palepale jozi 8 zilifuatiliwa zikiwa na watoto wa uzao wa kwanza mwaka 2011 na wa pili mwaka 2013. Wazazi walikuwa wamewazoea watu zaidi katika uzao wa pili, na watoto wa uzao huo wakawa na ujasiri kuliko wakubwa wao. Kwa mfugaji maana yake ni hii: jozi iliyokaa karibu nawe miaka miwili au mitatu bila kutishwa italea watoto wasiokuogopa.

Mwisho, tafuta kilema. Kidole kilichokatika, unyayo mmoja unaoburuta, ukucha uliopinda. Koyoti aliyewahi kuponyoka mtegoni mara nyingi ana alama mguuni, na ukishaijua hiyo alama huhitaji tena kubahatisha nani alipita.

Hatua ya 3: Malizia ya nyumbani kwanza, na sheria

Hapa nitapita haraka. Zika au ondoa mizoga yote. Mzoga ulioachwa malishoni humfundisha koyoti ladha ya kondoo na humzoesha kuja. Laza wana-kondoo ndani usiku, hasa wiki za kwanza. Mbwa mlinzi wa mifugo aliyekuzwa pamoja na kondoo ana thamani kuliko mitego ishirini. Uzio wa umeme ufanye uwe na waya wa chini kabisa karibu na ardhi, kwa sababu koyoti hupita chini kabla ya kufikiria kuruka.

Kwa sheria, piga simu ofisi ya wanyamapori ya jimbo lako kabla ya kununua chochote. Colorado ilizuia sehemu kubwa ya mitego ya chuma mwaka 1996, na Massachusetts mwaka huohuo. California ikafuata 1998, Washington 2000. New Mexico imezuia mitego kwenye ardhi ya umma tangu Aprili 2022. Baadhi ya sheria hizo zina nafasi kwa mwenye mifugo iliyoshambuliwa, lakini kwa kibali. Majimbo mengi yanataka mtego ukaguliwe kila siku na uwe na kibati chenye utambulisho wako. Sumu usiiguse. Ile tabia ya kupaka mzoga dawa ya wadudu, ambayo wengine tuliiona kwetu, huku itakupeleka mahakamani, na itaua tai na mbwa wa jirani kabla ya kumfikia koyoti.

Hatua ya 4: Chagua mahali kabla ya kuchagua mtego

Rudi kwenye ramani yako. Vinyesi na mikwaruzo vikijipanga kwenye mstari, huenda huo ndio mpaka wa jozi. Tegea hapo. Usitege katikati, penye pango au mahali wanapolala mchana. Mwenye eneo atajua siku hiyohiyo kwamba umefika, na utakuwa umemfundisha.

Mahali pazuri ni pale anapolazimika kupita: tundu chini ya uzio, njia ya ng'ombe inayokutana na korongo, kona ya shamba la mahindi lililovunwa, kivuko cha kijito. Panapokutana njia mbili ni bora zaidi, kwa sababu koyoti husimama kunusa. Fika ukiwa unafanya kazi zako za kawaida. Kama kila siku unapita na trekta, pita na trekta, shuka, tega, ondoka. Mtu anayekuja kwa miguu mara ya kwanza na kuchutama nusu saa, koyoti atakwenda kumchunguza alikuwa anafanya nini.

Hatua ya 5: Tega

Mtego wa kushika mguu unaofaa koyoti ni wa ukubwa namba 2 au 3, wenye taya zilizoachana kidogo zinapofunga ili zisivunje mfupa, na mnyororo wenye pingili zinazozunguka ili asijisokote. Kibati cha katikati kinachokanyagwa kirekebishe kihitaji uzito wa kilo moja na nusu hadi mbili, rakuni na paka wapite salama. Mtego mpya uchemshe kuondoa mafuta, upake rangi ya magome, kisha nta. Kuwa na jozi mbili za glavu: moja ya mitego tu, nyingine ya chambo na harufu. Ukichanganya, koyoti atachimba mtego akidhani ndio chakula.

Mtego wa shimo ndio wa kuanzia. Tafuta kishungi cha nyasi au jiwe kando ya njia, upepo ukivuma kutoka hapo kuelekea njiani. Chimba shimo la kulala, upana wa ngumi ndogo, kina cha sentimita 20 hadi 30, mdomo ukitazama njia, kama panya amejichimbia. Mbele yake, kama sentimita 20 kutoka mdomo wa shimo, chimba kitanda cha mtego. Usikiweke katikati kabisa. Kisogeze pembeni sentimita 3 au 4, maana koyoti akiinama kunusa mguu wake haukai kwenye mstari wa pua. Funga mtego kwa nondo mbili zilizopigiliwa kwa kupishana, au kwa nanga ya waya ardhini.

Mtego lazima utulie. Shindilia udongo kuzunguka taya kwa ngumi, kisha bonyeza kila upande. Ukicheza hata kidogo, toa, anza upya. Mtego unaotikisika chini ya mguu ndio unaozalisha koyoti wanaochimbua mitego na kuigeuza juu chini, kisha wakanya pembeni yake. Funika kwa udongo mkavu uliochekechwa, unene wa kama sentimita moja. Wakati wa barafu tumia udongo uliochanganywa na nta, usigande. Weka kipande kidogo cha nyama ndani ya shimo, matone ya harufu ya tezi (chambo cha harufu kinachotengenezwa kwa tezi za wanyama), na mkojo kidogo wa koyoti juu ya nyasi za nyuma. Kidogo. Anayenuka mbali ni mtu anayejitangaza.

Mtego huu utakupa wachanga, wazururaji na wajasiri. Kwa mwenye eneo mwoga, punguza vishawishi badala ya kuongeza. Jaribu mtego wa mkojo peke yake: kichaka chake mwenyewe cha mpakani, mkojo wa koyoti mgeni, hakuna shimo, hakuna nyama. Hatakuja kula, atakuja kujua nani ameingia kwake, hasa Januari na Februari. Kwa aliyewahi kuumizwa na mtego, ondoa hata harufu. Mtego unakaa njiani penye upenyo mwembamba, na kijiti kidogo kimelazwa mbele yake. Koyoti huvuka kijiti na kukanyaga upande wa pili.

Kitanzi cha waya kwenye tundu la uzio hufanya kazi kwa mwoga kama huyu, pale sheria inaporuhusu. Upana wa kitanzi sentimita 25 hadi 30, kiwe na kizuizi kinachozuia mguu wa kulungu kubanwa, na kiungo kinachokatika mnyama mkubwa akivuta. Usiweke popote ambapo mbwa wako mlinzi hupita. Mbwa hawa hufa kwenye vitanzi vya wenyewe zaidi ya watu wanavyokubali kusema.

Hatua ya 6: Mwite unayemtaka

Sauti nayo huchagua mtu wake. Mlio wa sungura anayeumia, Oktoba, huleta wachanga wenye njaa. Wazee wamekwisha kuusikia kwenye spika za wawindaji kila kona. Januari hadi Machi mlio wa koyoti mgeni akibweka na kulia kwa muda mrefu humgusa mwenye eneo, kwa sababu anaona anaingiliwa. Mei hadi Julai sauti ya mtoto wa koyoti anayelia humtoa mzazi hata kama ameshiba.

Kaa mahali ambapo upepo unaobeba harufu yako unaelekea uwanja wazi unaouona vizuri. Koyoti mzoefu hatakuja moja kwa moja. Atazunguka aupate upepo, na mahali anapoupatia ndipo umsubiri. Subiri dakika 20, usisimame baada ya tano. Bunduki za .223 au .22-250 zinatosha, na usifyatue bila kujua nyuma yake kuna nini.

Akisimama mbali na kubweka kwa hasira bila kusogea, umekaribia pango lake. Usimjibu. Ondoka kimya, weka alama kwenye ramani, rudi siku nyingine kutoka upande mwingine. Na yule uliyemkosa risasi, sauti ile na kilima kile vimekwisha kwake kwa muda mrefu. Mtegee.

Hatua ya 7: Baada ya kumpata

Kagua mitego kila asubuhi mapema. Risasi ya .22 kichwani ndiyo njia ya haraka. Kama alikuwa akiyumba, akitoka mate au hana woga kabisa, usipige kichwa, maana ubongo ndio unaopimwa kichaa cha mbwa. Wasiliana na ofisi ya afya. Vaa glavu, nawa, maana koyoti hubeba minyoo inayompata mtu.

Sasa msome. Meno yaliyochakaa na kuwa manjano ni ya mzee. Meupe yenye ncha kali ni ya mchanga. Chuchu kubwa zilizonyonywa zinakwambia jike huyu alikuwa na watoto mwaka huu. Tumboni angalia sufu, ila kumbuka sufu inaweza kutoka kwenye mzoga aliouokota. Linganisha unyayo wake na ule ulioandika daftarini. Kama ni mchanga mwenye panya tumboni, kazi haijaanza.

Kama ni mmoja wa jozi, simama na utazame malisho. Koyoti huambatana mno: uchunguzi wa vinasaba vya koyoti 236 wa Chicago, uliotolewa mwaka 2012, haukumkuta hata mmoja aliyezaa nje ya jozi yake. Lakini mwenza akifa, aliyebaki hupata mwingine, na eneo zuri halikai tupu. Mauaji yakikoma, toa mitego yote. Jozi mpya ikiingia, anza tena na daftari kwa kutembea tu. Ikikaa miezi ikila panya na sungura bila kugusa kondoo, iache hapo: italinda mpaka dhidi ya wengine. Ikigusa mmoja, chuna mzoga kwanza.